Kuwakumbuka Wenzetu Waliotunza Majina

(Hotuba ya kamati ya kumbukumbu za wahenga, iliyosomwa katika ukumbi wa hekalu letu, Mombasa, jioni moja ya Pitru Paksha, kabla ya sherehe za maadhimisho)

 

Wiki chache zijazo ukumbi huu utapambwa kwa maua na taa, zitasomwa risala, na tutakula pamoja. Jioni hii hakuna mapambo, na wenyeji wa hekalu wanajua sababu. Tumo katika siku za Pitru Paksha, nusu ya giza ya mwezi wa Bhadarvo, ambazo ndani yake hatufungi ndoa wala hatuhamii nyumba mpya. Ni siku za waliotutangulia. Ndiyo maana wadhamini walichagua jioni hii ili tuwakumbuke wanachama wanne wa kamati yetu ambao hatunao tena.

Hatutawataja majina. Si kwa kusahau. Wenyewe walituusia hivyo, kwani walikuwa na msemo wao kwamba mtunza daftari hajiandiki. Jamaa zao wamo humu ukumbini na wanajua tunamsema nani. Tutasema kazi waliyoifanya, na deni walilotuachia.

Kazi yenyewe ilianza na kabati. Kabla na baada ya mwaka 1968, sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara zilipowabana wasio raia hapa Kenya, na Uingereza nayo ikawa inafunga mlango wake, jamaa nyingi ziliondoka kwa haraka. Mtu aondokaye kwa haraka hachukui vitabu vya hesabu. Walileta hekaluni madaftari yao, yale marefu yenye jalada la kitambaa chekundu ambayo kila Diwali huwekwa mbele ya Lakshmi na kuombewa baraka. Wakasema, "Tuwekeeni, tutarudi." Baadhi walirudi kutembea tu, wengi hawakurudi kabisa. Kabati likajaa, likaongezwa la pili, kisha likafungwa na ufunguo ukasahauliwa.

Aliyelifungua alikuwa mwalimu mstaafu, na huyu ndiye wa kwanza tunayemkumbuka. Alikuta mchwa wamekwisha kula rafu ya chini. Alikaa chini sakafuni akaanza kusoma, na kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kusoma kama yeye. Wafanyabiashara wa zamani hawakuandika Kigujarati cha shuleni. Waliandika mwandiko wa dukani, wa kasi, ambao mara nyingi uliacha alama za irabu, hivi kwamba neno moja liliweza kusomeka majina mawili au matatu. Mwalimu hakukisia. Alilinganisha daftari na daftari, deni na malipo, mpaka jina likathibitika. Asipoweza kulithibitisha aliacha nafasi, na nafasi hizo zipo hadi leo.

Vijana wetu wanakumbuka siku walipoandaa maandishi ya picha kwa ajili ya maonyesho. Katika daftari moja waliona michango ya samli ya taa, na juu ya ukurasa mwaka 1956. Wakaandika 1956. Mwalimu alipoona hakuwakaripia. Aliwauliza tu: mbona wachangaji wametoa rupia? Rupia zilikoma kutumika hapa baada ya mwaka 1920. Ndipo akawafundisha kwamba mababu walihesabu kwa Vikram Samvat, ambayo iko mbele ya kalenda tunayoitumia kwa miaka 56, au 57 ikiwa Diwali imekwisha kupita. Mwaka 1956 wa daftari lile ulianza Diwali ya 1899 na kwisha 1900.

Kisha akawaambia jambo ambalo hatukulitarajia. Kwa Wagujarati mwaka huo una jina lake, Chhappaniyo, yaani "wa hamsini na sita", na jina hilo maana yake ni njaa. Mvua zilikosekana Gujarat, Kutch, Kathiawar na Rajasthan, mifugo ikafa, na watu wakafa kwa wingi wa kutisha. Wale waliotoa samli ya taa hapa Mombasa walikuwa na wazazi na ndugu ng'ambo waliokosa chakula. "Mkikosea tarehe," mwalimu aliwaambia, "mtakuwa mmeifuta njaa ya watu hawa."

Wa pili alikuwa karani wa reli. Sote tulikua tukijisifu kwamba sisi ni wajukuu wa waliojenga reli, na tulilisema jambo hilo hata mbele ya wageni wa serikali. Yeye, aliyeitumikia reli tangu ujana hadi kustaafu, ndiye aliyetukataza. Reli ya Uganda ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria, pale panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba, wengi wao watu wa Punjab: Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Karibu 2,500 walikufa. Zaidi ya 6,000 walirudishwa makwao wagonjwa au wamelemaa. Waliobaki Afrika Mashariki baada ya mikataba hawakufika 7,000.

Mababu wa wengi wetu tulioketi hapa, alisema, hawakuwamo. Walikuja kwa nauli zao wenyewe au kwa mkopo wa mjomba: wachuuzi, maseremala, sonara, mafundi cherehani, makarani. Waliotangulia walikuja kwa majahazi yaliyofuata upepo wa kaskazi kutoka Mandvi na Porbandar, na waliofuata wakaja kwa meli za moshi. Tena biashara hiyo ilikuwa ya kale kuliko reli. Nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Mandvi, ilikuwa ikikusanya ushuru wa forodha kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. "Kwa nini basi," karani alituuliza, "tujivike vifo vya watu wengine? Wale waliokufa njiani wana warithi wao, na wengine hawana hata mmoja. Tuwaheshimu bila kuwaiba."

Ni yeye pia aliyeanzisha ubishi wa neno "walowezi". Mtu mmoja alipendekeza tuiite kamati yetu ya kumbukumbu za walowezi wa Kihindi. Karani alikataa katakata. Alisema kwamba katika nchi hii mlowezi ni yule aliyepewa ardhi ya milimani, na wazee wetu walizuiwa kuimiliki ardhi ile. Hata Waraka Mweupe wa mwaka 1923 uliiacha mikononi mwa Wazungu. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba neno halikuzaliwa na ukoloni. Kulowea ni kukaa mahali pa ugenini mpaka pakawa kwako. Akasema, swali si kama tuliloweka hapa mizigo yetu, bali kama tumelowea. Hawakukubaliana hadi mwisho. Tunaposoma kumbukumbu za mikutano tunawaona wote wawili walikuwa na haki, na kamati ikabaki kuitwa ya wahenga.

Wa tatu alikuwa mama yetu, mke wa fundi cherehani, aliyekuja mkutanoni mara ya kwanza kwa ajili ya kutuletea chai. Alisikiliza majina yakisomwa kwa muda wa saa nzima. Kisha akauliza, "Hawa wote walizaliwa na nani?" Tulikagua. Katika madaftari yote tuliyokuwa tumeyasoma, wanawake walitajwa kama "mke wa", "mjane wa", "mama wa". Mwenye kulipa ndiye aliyeandikwa, na mwenye kulipa alikuwa mwanamume.

Mama yule hakulalamika tena. Alianza kuzunguka majikoni. Kwa desturi yetu binti anapoolewa hupewa vyombo, na juu ya chombo huchorwa jina la aliyetoa au la aliyepewa, pengine pamoja na mwaka. Sinia, lota, sufuria za shaba, visanduku vya viungo: alivigeuza kimoja kimoja, akavisugua kwa ukwaju na chumvi mpaka maandishi yakaonekana, akayanakili. Alivipata vingine kwa wauza vyuma chakavu, vikingoja kuyeyushwa. Majina ya wanawake tuliyo nayo leo, karibu yote, yalitoka kwenye migongo ya vyombo hivyo. Bibi fulani aliyevuka bahari akiwa msichana mdogo, ambaye daftari halimjui, anajulikana kwetu kwa sababu ya sinia moja.

Wa nne hakuwa Mhindu. Alikuwa jirani yetu, mzee wa Kiswahili wa mtaa wa pili, mtoto wa nahodha. Tulimwita Kaka. Kwa Kiswahili kaka ni ndugu yako mkubwa, na kwa Kigujarati kaka ni baba yako mdogo, ndugu wa baba. Yeye alisema atakubali heshima zote mbili. Watoto wetu walifurahi zaidi alipowaambia kwamba nyumbani kwake dada ni msichana wa shule, ilhali kwetu dada ni babu mzaa baba. Alizijua pepo na bandari, alijua jahazi la Kutch kwa kulitazama tezi yake kwa mbali, na aliposomewa shehena iliyoandikwa daftarini aliweza kueleza ilipangwaje ngamani na ilishushwa na watu wangapi.

Siku moja mwalimu alisoma daftari la ujenzi wa hekalu. Mna gharama za mawe ya matumbawe, za chokaa, za boriti za mikoko. Baina yake, ukurasa hata ukurasa, mna malipo ya "hamali" na "mwashi", pamoja na kiasi cha fedha. Kaka akanyanyua mkono. "Huyu hamali," akauliza, "hana jina?"

Hakuwa nalo. Basi Kaka akafanya kama mama alivyofanya majikoni. Alikwenda Mji wa Kale, akaenda Majengo, akavuka kivuko hadi Likoni, akiuliza wazee: babu yako alichoma chokaa wapi, nani alibeba boriti kutoka pwani, nani alichonga mlango? Aliyoyapata aliyaandika katika daftari la shule la mistari, kwa penseli, na kando ya kila jina aliandika nani alimwambia. Baada ya miaka kadhaa alituletea ombi: majina hayo yawekwe pamoja na mengine katika jiwe la waasisi lililo mlangoni.

Hapa inatupasa kusema kweli. Tulikataa. Tulijadiliana jioni mbili, tukapiga kura, na kura zilizokuwa upande wake zilikuwa mbili tu. Tulisema jiwe ni la waliochanga, na hamali alikwisha kulipwa ujira wake. Tulisema tukianza hatutajua pa kuishia. Mama wa vyombo ndiye aliyesimama kututahadharisha. Alisema, "Nimetumia miaka kumi nikisugua masinia kwa sababu ninyi mlidhani daftari ni la mwenye kulipa. Msiwafanyie majirani mliyotufanyia sisi." Karani wa reli alinyanyua mkono pamoja naye. Sisi wengine tulitazama sakafu.

Kaka hakukasirika, au hakutuonyesha. "Jiwe ni lenu," alisema. "Majina nitayatunza mimi mpaka mtakapoyataka." Aliendelea kuja mikutanoni kila Jumamosi baada ya alasiri kama kawaida yake. Wakatangulia mwalimu na karani, akafuata mama, na mwisho akaondoka yeye. Tulikwenda mazikoni, tukakaa matangani. Baada ya siku arobaini binti yake alikuja hapa hekaluni akiwa na daftari lile la shule, limefungwa ndani ya kanga. Alisema baba yake aliusia kwamba lisikae nyumbani, lirudi lilikotoka.

Ndugu zetu, Julai 2017 serikali ya Kenya ilitutangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, kwani tulisubiri kwa muda mrefu kuandikwa. Lakini wakati ule ule tulikuwa bado hatujamwandika mtu aliyebeba mawe ya nyumba yetu ya ibada. Aliyelijua jambo hilo na kulisema alikuwa mama yetu, aliyekuwa hai bado. Alisema kuandikwa ni kuzuri, na kwamba sasa tumeonja.

Tulimwendea mchungaji wa ibada zetu, maharaji wetu, tukamuuliza kama ni halali kuweka mlangoni mwa hekalu majina ya watu wa dini nyingine. Hakutujibu kwa ndiyo wala la. Alitukumbusha tarpan, ile ibada ya maji na ufuta tunayoifanya siku hizi. Alisema: mnaanza na baba, babu na baba wa babu, kisha upande wa mama, kisha walimu na marafiki. Je, mnaishia hapo? Hatuishii hapo. Mna sehemu ya maji yanayomiminwa kwa ajili ya wasio na ukoo nasi, na kwa wale wasio na yeyote wa kuwamiminia. Alisema, "Kila mwaka mnawapa maji. Mnaogopa kuwapa jiwe?"

Tumechukua muda mrefu kuelewa. Kwa hiyo tunawatangazia jioni hii, kwa idhini ya wadhamini, kwamba sherehe za maadhimisho zitafunguliwa kwa kuwekwa jiwe la pili mlangoni, lenye ukubwa ule ule na urefu ule ule kutoka ardhini, upande wa kulia wa jiwe la kwanza. Litakuwa na majina yote yaliyomo katika daftari la Kaka, na majina yote yaliyotoka kwenye migongo ya vyombo. Pale tusipokuwa na jina tutaandika kazi: mchoma chokaa, mbeba boriti, mama aliyekufa safarini. Nafasi tutaziacha, kama mwalimu alivyoziacha.

Tuna maombi matatu. La kwanza ni kwa majirani: ikiwa nyumbani kwenu kuna simulizi ya babu aliyefanya kazi katika jengo hili, au katika duka, ghala au jahazi la watu wetu, njooni Jumamosi baada ya alasiri mtuambie. Tuambieni na mabaya pia. Kama babu yenu hakulipwa alichostahili, tutaandika hivyo, kwani daftari linaloandika mema tu si daftari. La pili ni kwa akina mama: geuzeni vyombo vyenu kabla ya kuviuza. La tatu ni kwa vijana. Bado kuna madaftari ambayo hayajafunguliwa, na unyevu wa pwani hausubiri mtu. Wanaoweza kusoma mwandiko ule sasa ni wawili, na wote wawili wamezeeka. Kujifunza si kugumu kama mnavyodhani, ni kazi ya majira mawili ya likizo. Simu zenu zinapiga picha nzuri, lakini picha ya ukurasa usioweza kuusoma ni kabati jingine lililofungwa.

Kesho asubuhi jamaa za wenzetu hawa watapanda juu ya paa na kuwawekea kunguru puri na wali wa maziwa, kama ilivyo desturi ya shraddha. Kaka alikuwa akitutania kuhusu jambo hilo. Alisema kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu naye ni mgeni, aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, akazaana mpaka akajaa pwani nzima, na leo hakuna anayemuuliza pasipoti. Safari hii familia yake wameomba nao wapande pamoja nasi, si kwa ibada, ila kwa kumkumbuka mzee wao mahali alipopenda kuketi. Tumewaambia karibuni, mlango ni wenu.

Na kuhusu ule wosia kwamba mtunza daftari hajiandiki, tumeutii usiku huu. Lakini kamati ijayo haikuusiwa. Itakapofika zamu yao wataandika wanavyoona haki, na sisi hatutakuwapo kuwazuia.

Roho za wenzetu zipumzike kwa amani. 

Om shanti, shanti, shanti.